Kanga Iliyobadilika Njiani

Dar es Salaam,
Jumapili jioni

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo Usa River, wewe na shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili kwenye daladala, nikasema huu haujibiwi kwa simu, nitakaa chini niandike. Umeuliza kama yule kifaru wa kwenye filamu ya Hatari! alitoroka kweli, unavyosema wewe, au ni maigizo, anavyobisha shemeji. Halafu ukaniuliza kama kazi hii ya kukagua makosa haijaniondolea raha ya kutazama filamu.

Nianze na kifaru, maana yalitokea jirani na kwenu. Filamu ilitoka 1962, mwongozaji akiwa Howard Hawks na steringi John Wayne, lakini picha za porini zilipigwa mapema kidogo, kabla ya Uhuru, Momella ikiwa kambi yao. Kifaru alitoroka kweli. Hakuna aliyeipanga sehemu ile. Mnyama alichomoka, waigizaji wakalazimika kumkamata upya, kamera haikuzimwa, na Hawks akaona hawezi kupata kitu cha kweli kuliko hicho, akakiacha ndani. Hawks mwenyewe alisema waigizaji ndio waliokamata wanyama wale, bila watu wa kuwashikia nafasi. Ukiitazama tena, mwangalie John Wayne kwenye kile kiti kilichofungwa mbele ya gari, nje kabisa, mti mrefu wenye kitanzi mkononi na vumbi limemjaa usoni. Inasimuliwa kuwa alikuwa anaporomosha matusi wakati wa kukamata, hadi sauti za sehemu zile zikabidi ziingizwe upya baadaye. Hardy Krüger, yule Mjerumani, aliipenda Momella akanunua shamba hapo hapo. Mwambie shemeji kwamba kwa hili umemshinda.

Swali la pili limenikaa moyoni wiki nzima.

Unakumbuka banda la video, tulivyokuwa tunabanana kwenye lile benchi la mbele? Wewe ndiye uliyeniamsha macho. Steringi anapigwa, shati linachanika bega la kulia, akinyanyuka limechanika la kushoto, nawe unaniminya mkono, “Umeona?” Nilidhani ni uzembe tu. Sasa najua linavyotokea. Filamu haipigwi kwa mfuatano wa hadithi. Inapigwa kwa mahali. Yote ya sebuleni yanamalizwa leo, ya barabarani yanasubiri wiki tatu, mvua ikinyesha yanasubiri tena. Mtu anayetoka mlangoni na huyo huyo anayetokea nje ya mlango wametengana kwa mwezi mzima. Ndiyo maana kuna mtu wa kontinyuiti, wa kuhakikisha vitu havibadiliki kati ya kipande na kipande, na ndiyo kazi yangu. Mimi naandika alishika kikombe kwa mkono gani, alikunywa kwenye neno lipi, chai ilikuwa imefika wapi, kifungo kipi kilikuwa wazi. Napiga picha kabla watu hawajatawanyika. Na bado, mhariri akipata teki, yaani rudio moja la kipande, ambayo machozi yametoka kweli, ataichukua hata kama chai imeongezeka yenyewe kikombeni. Thelma Schoonmaker, anayehariri filamu za Martin Scorsese, amesema wazi kwamba yeye hutanguliza uigizaji, mfuatano baadaye. Namuunga mkono.

Kwa hiyo kile kikombe cha kahawa kilichosahaulika mezani kwenye tamthilia ya kizamani ya Game of Thrones, Mei 2019, mbele ya malkia Daenerys, mimi hakikuniuma. Watu walikisema dunia nzima, HBO, wenye tamthilia, wakakifuta kwenye picha baada ya siku chache, na kwenye sehemu ya mwisho kabisa ikaonekana chupa ya maji ya plastiki miguuni mwa mhusika mwingine, Samwell. Hadithi haikubadilika. Yupo mwingine nampenda hasa: kwenye North by Northwest ya Hitchcock, 1959, kuna mtoto wa kiume amekaa nyuma mgahawani, na kabla Eva Marie Saint hajamfyatulia Cary Grant bastola, mtoto ameshaziba masikio. Naamini alishaumizwa na ule mlio kwenye mazoezi. Kila nikimwona natamani kumbeba.

Yanayoniuma ni yale yanayosema uongo. Filamu za zamani za Tarzan, za miaka ya 1930, walichukua tembo wa Asia wakawabandika masikio makubwa ya bandia ili wafanane na wa kwetu. Mlio wa ndege unaousikia kwenye “msitu wa Afrika” ni wa kookaburra, ndege wa Australia. Watu wa mbali wakakua wakijua hivyo ndivyo kwetu kunavyolia. Hilo si sawa na kikombe mezani.

Nami limenipata la aina hiyo, ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Kwenye tamthilia tunayoipiga kuna mama ambaye baada ya ugomvi wa miaka anaamua kwenda kwa mke mwenzie kutaka suluhu. Anatoka chumbani kajitanda kanga nyekundu, imeandikwa “Wema hauozi”. Hakuna anayesema neno. Ile kanga ndiyo inayosema. Sehemu ya barabarani tukaja kuipiga siku nyingi baadaye, kanga imeshapotea kwenye masanduku ya nguo, ikaletwa nyingine, nyekundu vile vile, pindo la maua meusi vile vile. Nikafungua picha zangu kulinganisha. Nilikuwa nimempiga kuanzia kifuani kwenda juu: hereni, kilemba, hina. Jina la kanga halimo. Rangi zikakubaliana, nikasema sawa.

Ya pili ilikuwa imeandikwa “Hasidi hana sababu”.

Iliporushwa, jirani yetu mmoja, bibi wa makamo, alikuja nyumbani asubuhi na mapema. Hakuja kulaumu. Alikaa mkekani akamuuliza mama, “Hivi yule alibadili nia njiani? Alitoka kwa amani, kafika kwa mwenzie na kijembe.” Alikuwa ameshaipanga hadithi upya kichwani, kwamba mama yule kasikia neno huko njiani, kwamba suluhu haikuwa ya kweli. Machozi yote ya mwigizaji yule mlangoni, yeye aliyaona ni unafiki. Maneno matatu ya kanga yalivuruga kazi ya mwezi.

Kwa hiyo hapana, raha haijaondoka. Zamani nilitazama tu. Sasa namtazama na yule bibi anayetazama, anasoma hadi pindo, na simkubali mtu anayeniambia “watazamaji hawaoni”.

Mwongozaji amekubali turudie kile kipande cha barabarani kabla marudio hayajaanza. Mwigizaji yupo, njia ipo, kanga ndiyo haipo. Kariakoo nimezunguka siku mbili, “Wema hauozi” niliyoipata ni ya bluu. Naomba upite Soko la Kilombero, uulize na wale mama wanaouza za zamani. Iwe nyekundu, mji una korosho nyeupe nne kwenye pembe, pindo la maua meusi. Jina lisome mwenyewe, herufi kwa herufi, kisha ikunjue yote uipige picha hadi chini, unitumie kabla hujalipa. Ikiwa ndiyo, nunua doti nzima, uipakize kwenye basi la alfajiri. Nitaipokea Mbezi.

Ni mimi shoga yako wa benchi la mbele.