Risala ya mafundi vijana wa Lubumbashi kwa mgeni rasmi, siku ya kupokea vyeti

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mama Mkurugenzi wa Wafanyakazi, wakubwa wa komini ya Katuba mliofika, walimu wetu, wazazi wetu na ndugu wote,

Kwa niaba ya wenzangu wanaopokea leo vyeti vya umeme, mitambo na kuchomelea vyuma, nakukaribisha kwa heshima zote. Tulipoambiwa kwamba mgeni wetu ni mtu ambaye kazi yake ni kuamua nani aingie kampunini na nani abaki getini, tulikubaliana kupunguza sifa na kutumia nafasi hii kusema nawe juu ya jambo linalotugusa, yaani faida ya kampuni kuwa na wafanyakazi wa asili, jinsia, umri na lugha mbalimbali.

Mji huu wenyewe ni ushahidi. Reli ilipofika hapa kutoka Rodezia mwaka 1910, kampuni ya kuchimba shaba ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, haikupata hapa jirani watu wa kuitosha kwa tanuri na mashimo yake. Iliwatafuta Rodezia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na Nyasaland, Malawi ya leo, halafu Lomami na Kasai humu nchini mwetu, na katika miaka ya 1920 hata Ruanda-Urundi. Watu ambao vijiji vyao vilitengana kwa mwendo wa wiki nyingi wakajikuta wanaishi ukuta kwa ukuta kambini na kupanga mstari mmoja wa posho, na Kiswahili ninachokisoma mbele yako kiliota mizizi humo, kwa kuwa ilibidi wasikilizane kwa lugha ambayo wengi wao hawakuipata kwa mama zao. Hata leo, ukituuliza babu zetu walitoka wapi, wengi wetu tutakutajia mahali ambapo hatujawahi kukanyaga.

Hatusemi kwamba enzi zile zilikuwa njema. Kukusanya watu si sawa na kuwaheshimu: shaba ilichimbwa na mikono ya makabila mengi huku vyeo vikibaki vya rangi moja, na wafanyakazi walipogoma hapa mjini Desemba 1941 wakidai mshahara bora, walijibiwa kwa risasi. Ndiyo maana tukizungumzia wafanyakazi mchanganyiko hatuishii kuhesabu vichwa getini. Tunauliza pia nani anapandishwa cheo, na nani akisema anasikilizwa.

Wazazi wetu wanakumbuka pia miaka ya 1992 na 1993, wakati familia zenye asili ya Kasai, nyingi zikiwa zimezaliwa na kulelewa katika mkoa huu, zilipofukuzwa na kulala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi zikingoja treni. Miongoni mwao walikuwamo mafundi, wahasibu, walimu na wauguzi. Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, mwaka 1993 haikufikisha tani 50,000. Haitakuwa haki kusema sababu ni hiyo peke yake, kwa maana mgodi wa Kamoto ulikwisha kuporomoka mwaka 1990, uporaji wa mwaka 1991 ulipita juu ya nchi nzima, na mitambo ilikuwa imechakaa bila kubadilishwa. Lakini mwalimu wetu mmoja, aliyekuwa kijana wa karakana wakati ule, hutuambia kwamba fundi aliyejua tabia ya mashine yao alipopanda treni, mashine ilibaki na kitabu chake tu, na kitabu hakikuwa kimeandika kila kitu.

Mama Mkurugenzi, turuhusu tueleze tulichokiona sisi wenyewe. Mwaka jana mmoja wetu, msichana, alikuwa katika mafunzo ya kazini kwenye kiwanda ambacho hatutakitaja. Zamu yake ilikuwa na watu 11, na 10 kati yao walikuwa ndugu, mashemeji au majirani wa kapita, yaani msimamizi wao. Asubuhi moja mkuu wa zamu alitoa agizo kwa Kichina, mkalimani akaligeuza kwa Kifaransa, na kapita akalimalizia kwa Kiswahili: fungeni valvu namba 2, ndipo mfungue bomba. Mbele yao zilikuwapo valvu mbili zenye namba hiyo, moja ya maji na moja ya asidi. Wote waliziona. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu ni nani atakayemsahihisha mjomba mbele ya watu, tena mjomba aliyemtafutia kazi? Msichana yule, ambaye hakuwa na mjomba pale, aliinua mkono. Wakamcheka. Kapita, kwa shingo upande, akarudi kwa mkalimani, mkalimani akarudi kwa mkuu, ikaonekana kwamba iliyotakiwa kufungwa ni ya asidi, na funguo ya kapita ilikuwa tayari imeshika ya maji.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu waliokula chungu kimoja hufichiana makosa kwa adabu tu, hata bila kukusudia, na adabu hiyo inayopendeza sana nyumbani huwa hatari kiwandani. Anayesema kwamba kampuni ichanganye watu ili picha za ripoti zipendeze hajawahi kusimama karibu na bomba la asidi. Tunajua, hata hivyo, kwamba mchanganyiko una gharama yake: maelezo huchukua muda mrefu zaidi, utani wa mmoja huwa tusi kwa mwingine, na mkuu wa zamu hulazimika kusikiliza zaidi kuliko alivyozoea.

Msichana yuleyule alifanya kazi miezi 3 akiwa na buti namba 42, vitambaa vikiwa vimeshindiliwa mbele ya vidole, kwa kuwa ghala halikuwa na namba ndogo kuliko hiyo. Choo cha wanawake kilikuwa upande wa ofisi, mwendo wa dakika 12 kwenda tu, na kufikia mwezi wa pili alikuwa ameacha kunywa maji asubuhi. Hakuna aliyemtukana wala kumfukuza. Kampuni inayolalamika kwamba wanawake hawadumu katika ufundi, tunaiomba kwanza ikakague ghala lake.

Sheria tunazo. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 36, inakataza mtu kuonewa kazini kwa sababu ya asili yake, jinsia yake, maoni yake au imani yake, na nchi yetu imeridhia Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1958 unaokataza ubaguzi katika ajira. Tatizo letu liko chini zaidi, kwenye karatasi ya tangazo ambayo mara nyingi hatuioni mpaka nafasi imekwisha kujazwa. Tunaomba matangazo yabandikwe kwenye ofisi za komini na kusomwa redioni, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa; tunaomba fundi apewe kwanza chuma achomelee, ndipo aulizwe ametumwa na nani, na ikiwezekana swali hilo la pili lisahaulike kabisa. Tunaomba pia masharti hayo yawafikie wakandarasi mnaowapa kazi, kwa sababu wengi wetu tutaajiriwa na wao, si na ninyi.

Katika bahasha hii tunayokukabidhi mna maombi yetu ya kazi, kila moja likiwa na namba ya cheti na alama za mtihani wa vitendo, bila jina, bila picha na bila mahali pa asili. Orodha ya majina anayo mwalimu mkuu, ameifungia kabatini, na utakapokuwa umekwisha kuchagua namba unazozitaka, ataileta mwenyewe ofisini kwako.