Kitabu cha kwenda nacho Kutch

Tanga

Swahiba,

Asalaam aleikum. Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ya kwanza nikicheka. Mtu mzima, tiketi ya Mumbai umeshakata, kazini wamekupa wiki tatu, halafu kinachokukosesha usingizi ni kitabu gani cha wasafiri ununue! Ulipofika kwenye Mandvi, ule mji wa bandari wa Kutch, kule Gujarat magharibi mwa India, nikanyamaza. Kumbe zile hadithi za babu yako nahodha hukuzisahau.

Basi nikujibu vizuri, maana mimi hili la kitabu limeshanitokea puani.

Mwaka 2018 nilimsindikiza mjomba Chennai kutibiwa. Alipopata nafuu mkewe akaja kunipokea zamu, nami nikawa na siku kumi na mbili zangu mwenyewe. Kabla ya safari nilikuwa nimenunua pale Posta, kwa wale wanaotandaza vitabu vya mitumba chini, kitabu kinene cha India kwa shilingi 4,000. Toleo la 1998. Mwaka niliuona, ila nikajiambia mji hauhami.

Nikashuka Bhuj, mji mkuu wa Kutch, asubuhi, macho mekundu kwa treni ya usiku, nikapanda bajaji na kumwonyesha dereva ramani: gesti ya bei poa, mji mkongwe, ndani ya ukuta, karibu na soko. Akaigeuza ramani huku na huku, akasema neno moja tu, "bhukamp". Sikuelewa. Akalaza kiganja juu ya usukani, akakitikisa. Tetemeko. Tarehe 26 Januari 2001, siku yao ya Jamhuri, Gujarat ilipoteza watu ambao hesabu nyingi huwaweka karibu 20,000, na sehemu kubwa ya mji mkongwe wa Bhuj ikaanguka, pamoja na gesti yangu. Hata mtaa wenyewe haukuwepo. Walipojenga upya walipitisha barabara pana. Dereva akachomoa kalamu nyekundu mfukoni mwangu bila kuniomba, akaichora hiyo barabara juu ya ramani, akaondoa bajaji.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, geuza ukurasa wenye jina la kitabu usome mwaka, kisha uurudishe nyuma kidogo, kwa sababu mwandishi huzunguka mapema kuliko mpiga chapa. India haikai kukusubiri. Noti za rupia 500 na 1,000 zilipigwa marufuku usiku mmoja, 8 Novemba 2016. Tiketi ya treni ulikuwa ukiweza kuikata siku 120 kabla. Tangu Novemba 2024 ni siku 60, na hili litakuhusu wewe mwenye kwenda Bhuj kutoka Mumbai. Bei za vyumba usizigombee. Zitakuwa zimepanda zote, lakini gesti iliyokuwa rahisi kuliko jirani yake mara nyingi bado ndiyo rahisi.

Sasa, umeniuliza Lonely Planet au Rough Guides. Wote wana miaka yao: wa kwanza walianza 1973, mtu na mkewe, Tony na Maureen Wheeler, baada ya kukatiza Asia kwa vijisenti, wa pili 1982, na kitabu cha Ugiriki. Mimi jina halinishughulishi. Nina kipimo changu. Tafuta kitabu cha Tanzania cha kampuni hiyohiyo, fungua Tanga. Nimewahi kufanya hivyo dukani nikiwa nimesimama, muuzaji akinikodolea macho. Kimoja kilitupa aya moja: mji umelala, una majengo ya Wajerumani, panda basi uende zako Pangani. Kingine kina ramani, kinaijua Raskazone, kimefika Amboni, kimefika na kwenye magofu ya Tongoni na kueleza utakavyorudi mjini jioni. Huyo alishuka kwenye gari akatembea. Najua utanibishia kwamba mwandishi wa India si yuleyule. Sawa, lakini anayemhariri yuko ofisi ileile, na aliyeridhika na aya moja ya Tanga ataridhika na aya moja ya Mandvi.

Ukishapata cha India, usianze na Taj Mahal. Hapo wote wanajitahidi. Nenda Mandvi moja kwa moja. Je, kinakwambia majahazi ya mbao bado yanaundwa kwenye ukingo wa mto Rukmavati? Kinasema usafiri wa kutoka Bhuj, zile kilomita kama 60, unapatikana wapi? Kinaijua dabeli? Ni viazi vya kuponda vyenye ukwaju ndani ya skonzi, juu wanamwaga karanga na punje za komamanga, na wenyewe wanasema asili yake ni hapohapo Mandvi. Vile vitabu vyembamba vya kaskazini mwa India viangalie kwa makini, vingine vinaishia Rajasthan na Gujarat havigusi.

Sura ya viza iruke. Imeandikiwa mwenye pasipoti ya Uingereza au Australia. Wewe ubalozi wao uko hapohapo Dar, nenda kaulize. Za baa nazo ruka. Gujarat pombe ni marufuku tangu 1960, na wewe ulishaacha, au siyo?

Kile kinene kina kurasa zaidi ya elfu, usikibebe chote. Chukua wembe, kata Mumbai, Gujarat na sura ya usafiri, mpe fundi viatu akushonee kwa uzi wake. Vitabu huniuma kuvikata, lakini mgongo huuma zaidi.

Kile changu cha 1998 nakutumia kwa basi la kesho asubuhi, kakipokee stendi ya Magufuli. Usisafiri nacho, ng'oa ukurasa wa Bhuj tu. Ufuate ule mstari mwekundu mpaka kona ya pili, uniangalizie kama kibanda cha chai bado kipo. Mzee mwenyewe alikataa hela yangu aliposikia natoka Tanga: kaka yake aliwahi kuuza vitambaa Barabara ya Nane.

Wasalaam,
Swahiba wako