Barua ya malalamiko: baa ya kale tuliyouziwa London

Tanga,
4 Agosti 2025

Meneja wa Safari za Nje,
Kampuni ya Safari na Utalii,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU "JIONI KATIKA BAA YA KALE YA KIINGEREZA", LONDON, TAREHE 9 JULAI 2025

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Ninaandika kwa niaba yangu na ya wenzangu kumi, sote walimu wastaafu, tuliosafiri na kampuni yako kwenda Uingereza mwezi uliopita. Kuhusu ndege, hoteli na basi hatuna la kulalamikia. Lalamiko letu ni moja, nalo linahusu jioni ya siku ya nne, ambayo kila mmoja wetu aliilipia shilingi 190,000 nje ya gharama ya safari yenyewe.

Kipeperushi chenu, ambacho nakala yake nimeiambatisha, kilitaja kwa jina mahali ambapo tungepelekwa: George Inn, mtaa wa Borough High Street, Southwark. Kilieleza kwamba hiyo ndiyo nyumba ya wageni ya enzi za magari ya farasi pekee iliyobaki London ikiwa na roshani zake. Maelezo hayo ni ya kweli, na ndiyo yaliyotufanya tutoe fedha. Ilipofika siku yenyewe tulipelekwa kwenye baa nyingine, iliyo mwendo wa dakika tano kutoka hotelini, ng'ambo ya pili ya mto Thames, na kiongozi wenu akatutuliza kwa kusema kwamba hii ni nzuri zaidi, tena ni ya zamani zaidi.

Baa hiyo sitaitaja jina, kwa sababu wenyewe hawakutukosea. Wahudumu walitupokea vizuri, samaki na chipsi vililetwa vikiwa vya moto, na mimi nisiyetumia pombe niliandaliwa juisi ya tufaha bila kuulizwa maswali. Nilipomdadisi kijana wa kaunta alinijibu bila kuficha kwamba jengo lile lilikuwa benki, na kwamba baa ilifunguliwa humo miaka michache tu iliyopita. Ukishuka ngazi kwenda msalani unaupita mlango wa chuma wa chumba cha kuhifadhia fedha, unene wake shubiri nzima, na gurudumu lake la kufungia bado lipo. Kiongozi wenu aliupita mlango huo mara mbili jioni ile, kisha akarudi mezani kuendelea kutusimulia kwamba nyumba ile ni ya tangu mwaka 1189.

Naomba nikae kidogo kwenye mwaka huo, kwa sababu mwaka huo una mwenyewe. Umeandikwa ukutani kwenye baa iitwayo Ye Olde Trip to Jerusalem, mjini Nottingham, iliyojengwa ikiegemea mwamba wa ngome, na baadhi ya vyumba vyake vimechongwa ndani ya mwamba huohuo. Ni mwaka ambao Richard wa Kwanza alitawazwa kuwa mfalme. Hata huko Nottingham ni dai tu, kwani jengo linaloonekana leo huhesabiwa kuwa la karne ya 17; na huko St Albans wako wengine, Ye Olde Fighting Cocks, wanaojivunia mwaka 793. Kushindania umri ni mchezo wa siku nyingi wa wenye baa wa Kiingereza, na mgeni mwenye busara huusikiliza kwa tabasamu. Lakini wale angalau huiongezea umri nyumba yao wenyewe. Kiongozi wenu aliuchukua umri wa nyumba ya Nottingham akaivisha benki ya London.

Kibao cha mlangoni nacho kilianza na neno hilohilo "Ye", na tukafundishwa kulitamka "yi", ati ndivyo Waingereza wa kale walivyosema. Sivyo. Kiingereza cha kale kilikuwa na herufi yake maalumu ya sauti ambayo sisi tunaiandika "th" na "dh", na wapiga chapa wa mwanzo, ambao katika herufi zao za risasi hiyo haikuwamo, waliweka "y" mahali pake kwa kuwa maumbo yake yalifanana. Kwa hiyo neno lile, ambalo si jingine ila "the" ya Kiingereza, lilisomwa kwa sauti ya dhahabu na dhamana, na mtindo wa kulibandika kwenye vibao ili duka au baa ionekane kongwe umeenea karne ya 19. Yeyote aliyewahi kusoma utenzi wa zamani ulioandikwa kwa hati za Kiarabu, akaona jinsi herufi moja ilivyobebeshwa sauti mbili, angelielewa jambo hili kwa dakika moja. Tungefurahi kuelezwa hivyo, maana ukweli wake ni mtamu kuliko ule uongo.

Kuhusu jengo lenyewe, niligonga kwa kifundo cha kidole boriti iliyokuwa juu ya meza yetu, ikalia kama debe tupu. Mwenzetu aliyefundisha useremala alisimama, akapitisha ukucha kwenye ufa wa boriti hiyo, kisha akatuonyesha kwamba ufa uleule, wenye fundo lilelile upande wa kushoto, ulikuwa kwenye boriti ya pili, na ya tatu, na ya nne, kwa kuwa zote zilitoka katika kalibu moja. Zilikuwa zimepakwa rangi nyeusi tii, kama kwamba mwaloni huota mweusi. Kwenye kaunta kulikuwa na mipini mitatu mizuri ya pampu za bia, ya shaba na kauri, lakini hakuna hata mmoja uliovutwa usiku ule. Bia yote ilitoka kwenye mabomba ya kawaida, yenye baridi kali na gesi, sawa na ile ambayo wanywaji wangeipata hapa Tanga. Na pale kwenye kona, tuliambiwa, ndipo Shakespeare alipopenda kuketi.

Kesho yake, kwa nauli zetu wenyewe, tulipanda treni hadi kituo cha London Bridge na kutembea hadi George Inn. Msaidizi wako amekwisha kuniandikia kwamba mlibadilisha mahali kwa sababu nyumba hiyo "ilikuwa imejaa". Inawezekana ilijaa jioni ya tarehe 9. Saa saba mchana wa tarehe 10 sisi kumi na mmoja tulipata mabenchi mawili uani bila kumsumbua mtu, na ratiba ya siku hiyo mchana ilikuwa imeandikwa "mapumziko na manunuzi".

Unaingia kwa lango lisiloonekana vizuri kutoka barabarani, na ghafla umo ndani ya ua wa mawe, na mbele yako roshani mbili za mbao zimepandana, moja juu ya nyingine, nguzo zake nyembamba, mistari yake haikunyooka. Jengo hilo ni la mwaka 1677, lililosimamishwa baada ya moto wa 1676 kuteketeza sehemu kubwa ya Southwark, ingawa nyumba ya wageni ilikuwapo hapo kabla. Sababu ya kuwapo kwake ni daraja. Kwa karne nyingi jiji la London lilikuwa na daraja moja tu la kuvukia Thames, malango yake yalifungwa usiku, na msafiri aliyetoka Dover au Canterbury akachelewa alilazimika kulala upande huu wa mto. Ndiyo maana mtaa ule ulijaa nyumba za wageni kutoka mwanzo hadi mwisho. Mlango wa pili tu kutoka hapo ilikuwapo Tabard, ambako mshairi wa Kiingereza wa karne ya 14, Geoffrey Chaucer, aliwakusanya mahujaji wa hadithi zake kabla ya kuwaanzishia safari ya Canterbury. Hiyo iliungua katika moto huohuo, ikajengwa upya, na katika karne ya 19 ikabomolewa.

George yenyewe imeponea chupuchupu. Zamani roshani zake zilizunguka pande tatu za ua, magari ya farasi yakiingia na kugeuza katikati. Reli ilipokuja magari hayo yakakosa kazi, na mwaka 1889 kampuni ya reli ya Great Northern, iliyokuwa imeununua uwanja, ilibomoa pande mbili ili ipate nafasi. Tunachokitazama leo ni upande wa kusini peke yake. Mwaka 1937 upande huo ulikabidhiwa kwa National Trust, shirika linalotunza majengo na ardhi za kihistoria, na ndilo linaloumiliki hadi sasa. Ndani, vyumba vya chini vimepangana kwa mstari, vidogo na vyenye giza kidogo, na kimojawapo kina saa kubwa ya ukutani ya aina ambayo Waingereza huihusisha na kodi ya kumiliki saa ya mwaka 1797, iliyofutwa mwaka uliofuata. Boriti niliigonga pia. Kidole kiliuma.

Mhudumu alivuta mpini wa pampu, taratibu, mara tatu, mpaka painti ikajaa. Ilikuwa bia ya pipa, inayopandishwa kutoka chini kwa nguvu ya mkono bila gesi, na kwa desturi yao hunywewa ikiwa na ubaridi wa chumba cha chini tu, kama nyuzi 12. Wanywaji wetu wawili walilalamika kwamba haikuwa baridi, kisha wakaongeza nyingine.

Hata Shakespeare angeweza kuzungumzwa pale kwa haki. Alifariki mwaka 1616, kwa hiyo jengo hilo halikumwona. Lakini katika nyua za nyumba za wageni za aina hiyo michezo ya kuigiza iliwahi kuchezwa enzi zake, watu wakitazama kutoka kwenye roshani. Mwenzetu mmoja, aliyefundisha fasihi ya Kiingereza sekondari kwa miaka thelathini na ambaye alijiunga na safari hii kwa ajili ya ua huo hasa, alikaa chini ya roshani zile saa nzima bila kusema neno. Fedha aliyowalipa ninyi haikumfikisha pale. Alifika kwa nauli ya treni.

Katika ujumbe wake wa tarehe 18 Julai msaidizi wako alinijibu kwamba "baa ni baa, na wateja walikula wakashiba". Kama ni hivyo, sioni kwa nini kipeperushi kilijaza ukurasa mzima kwa maelezo ya roshani. Hamkutuuzia samaki na chipsi, ambazo hata hotelini zilikuwapo. Mlituuzia nyumba fulani yenye historia yake, mkatupa nyingine, kisha historia mkaitunga. Kubadilisha mahali kwa dharura tungelisamehe kama tungelielezwa hivyo mapema. Tusichoweza kukinyamazia ni kudanganywa kwa uso mkavu katika somo ambalo wengi wetu tumelifundisha maisha yetu yote.

Kwa hiyo tunadai mambo yafuatayo. Kwanza, kila mmoja wetu arejeshewe shilingi 190,000, jumla shilingi 2,090,000. Tuko tayari bei halisi ya chakula ikatwe, mradi mtuonyeshe risiti ya baa ile. Pili, kipeperushi kirekebishwe kabla kundi la mwezi Oktoba halijalipa, ama kwa kuwapeleka kweli George Inn, ama kwa kuliondoa jina hilo. Tatu, kiongozi wenu apewe maelezo sahihi ya kusoma. Ni kijana mchangamfu na mwenye sauti nzuri, na sidhani kama aliyatunga yote hayo peke yake.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 21 tangu tarehe ya barua hii. Muda huo ukipita kimya, tutalipeleka suala hili Tume ya Ushindani, pamoja na viambatisho vyote.

Wako,

Mwalimu mstaafu wa historia,
kwa niaba ya wasafiri kumi na mmoja.

Viambatisho: nakala ya kipeperushi, risiti kumi na moja za malipo, picha ya mlango wa chuma ulio kwenye ngazi za kwenda msalani, picha ya boriti nne zenye fundo moja.