Kabla hujatoboa dashibodi

Rashidi ndugu yangu, habari za siku nyingi,

Meseji yako nimeipata na nimefurahi mno kusikia pikapu ya mzee imeshapigwa rangi, sasa unataka kuitia AC kabla joto halijaanza. Nimeona nikuandikie kwa kirefu maana kwenye simu tungekatishana, na hii kazi mimi nimeilalia chini ya dashibodi wiki nzima, sitaki uhangaike pale pale nilipohangaika mimi.

Kwanza hiyo kompresa, yaani pampu ya kusukuma gesi ya AC, uliyoing'oa kwenye gari bovu, achana nayo. Hiyo ni ya enzi za gesi ya R-12, ile iliyokuwa inakula tabaka la ozoni mpaka ikaja kuondolewa kwa Mkataba wa Montreal wa 1987, magari yakahamia R-134a mwanzoni mwa miaka ya 90. Na shida sio gesi tu, ni mafuta, yale mafuta ya madini ya zamani hayatembei na R-134a, yanabaki kwenye mabomba huko kompresa inazunguka kavu mpaka inajila yenyewe. Chukua seti mpya kamili, kompresa, kondensa (inayotupa joto nje), boksi la ivapo (inayopoza hewa ya ndani), draya (inayonyonya unyevu) na mipira yake, na mafuta ya kompresa ya aina ya PAG yaliyoandikwa kwenye seti.

Halafu kuna kitu kimoja nakuomba ukishike kuliko vyote. AC haitengenezi baridi, inachota joto lililo ndani na kulitupa nje. Ukishaliona hivyo utaelewa kwa nini mimi sikuanza na kompresa, nilianza na sakafu. Niling'oa siti na kapeti, injini ikiwa inaunguruma nikapitisha kiganja juu ya gia boksi, nikakuta vitundu vya bolti za zamani vinapuliza hewa ya moto kama mdomo wa birika. Nimeviziba vyote, nikabandika foili ya kuzuia joto sakafuni, kwenye ukuta wa injini na chini ya paa, raba za milango nikaweka mpya. Hapo hata AC haijafungwa lakini kebini ilishabadilika! Ukiruka hatua hii utakuwa unapoza barabara.

Sasa joto likishatoka ndani linaenda wapi, linaenda kwenye kondensa, na kondensa inakaa mbele ya rejeta, maana yake rejeta inapewa hewa iliyokwisha pata moto. Kama pikapu inachemsha sasa hivi kwenye foleni, ukiwasha AC itachemsha zaidi. Safisha rejeta na weka kava ya feni, ile inayolazimisha feni ivute hewa kupitia rejeta yote badala ya kuzungusha hewa pembeni. Na umeme pia angalia, kama bado una dainamo ya kiwandani ya ampea 30 hivi, injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta haitoi kitu cha maana, na feni ya AC peke yake inaweza kula ampea 10 na zaidi, bado klachi ya kompresa na taa. Weka alteneta.

Mipira hapa ndipo nilipoumia. Niliipeleka kubanwa vichwa vya kuungia kabla sijafunga kila kitu, kwa haraka zangu, nilivyorudi mmoja ukawa mfupi unaegemea manifoldi ya egzosi, ikabidi ninunue mwingine. Wewe funga vyote kwanza, pitisha mipira, weka alama kwa chaki kichwa kinaangalia upande gani, ndio upeleke ikabanwe. Oringi, zile raba za duara za kuzibia maungio, zipake mafuta, kaza kwa spana mbili, moja ishikilie na nyingine izungushe, la sivyo unapinda bomba la alumini. Draya usiitoe vizibo mpaka dakika ya mwisho kwa sababu inakunywa unyevu wa hewani.

Ukimaliza usijaze gesi papo hapo. Vuta hewa kwa pampu ya vakyumu dakika 45, kwa sababu kwenye vakyumu maji yaliyobaki ndani yanachemka bila hata moto na kutoka kama mvuke. Funga vali, kaa nusu saa unaangalia geji, mshale ukisogea kuna mahali panavuja. Gesi ipime kwa mizani kwa gramu zilizoandikwa kwenye seti, sio kwa kubahatisha, ikizidi presha inapanda na ubaridi unapungua.

Na hili lilinisumbua siku mbili nzima: AC ilikuwa inapoza dakika kumi halafu inakuwa vuguvugu. Geji ziko sawa, kompresa inashika. Mwishowe nikagusa mipira miwili ya hita, yote ya moto, wakati hita nimeifunga. Vali ya zamani ilikuwa inapitisha maji ya moto kidogo kidogo kwenye koili ya hita iliyo boksi moja na ivapo. Nimebadilisha vali tu, kipimajoto kwenye tundu la hewa kikashuka mpaka digrii 7. Nilikaa mle ndani nimefunga vioo, sitaki hata kushuka.

Basi kabla hujaagiza chochote pima nafasi kati ya grili na rejeta, urefu, upana na kina, unitumie pamoja na picha ya mbele ya injini upande wa mkanda, tuone breketi ya kompresa itakaa wapi.

Msalimie mzee sana.

Wako,
Idi