Barua kwa wanangu wa mwaka wa kwanza Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Wanangu,

Hamjambo? Najua wiki hizi mna mengi: foleni ya usajili, kubebana hosteli wawili kitanda kimoja, bumu (fedha ya mkopo ya kujikimu) ambalo halijaingia. Hayo yatapita. Kilichonishikisha kalamu ni ukimya wenu kwenye semina.

Nilifundisha hapo Mlimani mpaka nikastaafu, na kila mwanzo wa mwaka niliyaona yale yale. Nauliza swali, vichwa vinainama. Semina ikiisha nawakuta walioinama wako nje chini ya mti, wanalibishania swali langu kwa Kiswahili, na hoja zao zina uzito. Kumbe fikra walikuwa nazo! Kilichowafunga midomo ni Kiingereza, na hofu ya kuchekwa na wenzao waliosomeshwa shule za ada kubwa.

Wengi wenu mmesoma msingi kwa Kiswahili, sekondari mkapokelewa na Kiingereza, mkaokolewa na kukariri. Siwalaumu hata kidogo. Ila desa (notsi za kurithishana) la kaka wa mwaka wa tatu lina majibu ya maswali ya mwaka juzi. Mhadhiri akiligeuza swali kidogo tu, kalamu inagoma. Nimesahihisha mitihani mingi ya namna hiyo na iliniuma, maana mwenye karatasi nilimjua ana akili.

Fanyeni hivi. Tafutaneni watatu au wanne. Makala ya semina msigawane kurasa. Kila mmoja aisome yote. Kisha bishaneni kwa Kiswahili mpaka mjue mwandishi anadai nini na ni wapi mnamkatalia. Baada ya hapo kila mtu aandike sentensi mbili za Kiingereza daftarini, aingie nazo semina, azisome kama zilivyo. Kusoma kwenye daftari si aibu. Baada ya wiki chache utashangaa umezungumza bila kulifungua.

Darasa la kwanza la chuo hiki, mwaka 1961, lilikuwa la sheria, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba. Wanafunzi hawakufika hata 20, kwa hiyo hapakuwa na pa kujificha. Ninyi mko mamia ukumbini, mtu anaweza kumaliza muhula mzima hajasikika sauti. Hilo kundi lenu la watu watatu au wanne ndilo litakalowajua mnapokwama.

Mhadhiri naye mpigieni hodi. Nimekaa ofisini saa nyingi nikiwasubiri wanafunzi, wakaja siku matokeo ya majaribio yalipobandikwa, kuomba alama. Njooni mapema, hata na swali moja mliloshindwa kuliweka sawa.

Na ninyi wahadhiri vijana, mkiuliza swali kukawa kimya, msikimbilie kulijibu wenyewe. Mimi nilifanya hivyo miaka mingi, nikawanyima wanafunzi wangu nafasi ya kufikiri. Subirini. Kuna mtoto pale nyuma anaipanga sentensi yake.

Nawapenda.

Mzee wenu, mwalimu mstaafu