Mwambie Hamidu asiguse mafuta kwanza

Dar es Salaam, Jumapili usiku

Kaka Mathayo,

Salamu nyingi sana. Shemeji na watoto hawajambo? Mama yule mguu umemwachia? Sisi huku tu wazima, ila joto limekaza. Kimya kimekuwa kirefu, nakiri, na nakuomba radhi. Lakini ujumbe wako wa jana umenishtua, maana umesema fundi wako Hamidu, siku ya Jumanne, anaongeza mafuta kwenye programu ya kompyuta ya injini ya Subaru Forester yako kwa sababu geji ya uwiano wa hewa na mafuta inasoma 17, yaani hewa imezidi, wakati uwiano kamili wa petroli ni 14.7. Tafadhali mpigie simu asubuhi mapema. Mwambie asiguse mafuta kwanza.

Namba ulizotuma ni tatu: sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa, 17, mizunguko 2,500 gari likiwa limesimama 14.9, na turbo ikishajaa 11.2. Hamidu ameshika ile ya kwanza tu. Zisome zote pamoja.

Geji haioni petroli. Sensa inapima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, na geji inaigeuza kuwa uwiano wa hewa na mafuta. Oksijeni hiyo iwe imetoka kwenye silinda au imeingia kupitia gasketi iliyoungua, kwa sensa ni ile ile. Sasa moshi hautoki mfululizo, unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo bomba huvuta. Pakiwa na tundu kabla ya sensa, hewa ya nje inaingia hapo. Kwenye sailensa moshi ni kidogo, kwa hiyo hewa hiyo kidogo inatosha kupandisha namba hadi 17. Ukikanyaga, moshi unajaa, shinikizo ndani ya bomba linapanda, na hewa ya nje haina pa kupita. Ndiyo maana namba yako inashuka kadiri unavyokanyaga. Hiyo 11.2 iamini kuliko 17. Kwa injini ya petroli yenye turbo, ikibeba mzigo, kati ya 11 na 11.8 ni mahali pazuri.

Na plagi ulizonipigia picha ni nyeusi, masizi makavu. Injini iliyopungukiwa mafuta haitoi plagi za rangi hiyo. Akiongeza mafuta juu ya hayo, petroli itaosha oili kwenye kuta za silinda na masega, kile kisafisha moshi ndani ya ekzosi, yatapata joto hadi yaharibike. Wewe unajua bei ya masega.

Kabla ya kufungua chochote, chomeka mashine ya kupimia na usome trimu za mafuta, yaani asilimia ya mafuta ambayo kontrol boksi, kompyuta ya injini, inaongeza au kupunguza, ya muda mfupi na ya muda mrefu, injini ikiwa imepata moto na ipo sailensa. Zikiwa karibu na sifuri, tuseme ndani ya asilimia 5 juu au chini, maana yake sensa ya kiwandani imeridhika, na uvujaji upo kati yake na sensa ya geji, au geji yenyewe ndiyo yenye kasoro. Zikiwa zimepanda mno, asilimia 20 na zaidi, kontrol boksi inaongeza mafuta na bado inaona hewa. Hapo kuna njia mbili: hewa inaingia upande wa manifoldi ya kuingizia, kwenye mipira ya vakyumu au mpira wa intakula (kipoza hewa ya turbo), au bomba la moshi linavuja kabla ya sensa zote mbili. Plagi zinaamua. Trimu juu na plagi nyeupe, tafuta upande wa kuingiza hewa. Trimu juu na plagi nyeusi kama zako, tafuta kwenye ekzosi. Mashaka yangu yako hapo.

Kuutafuta uvujaji hakuhitaji vifaa vya gharama. Gari likiwa limelala usiku kucha, injini ikiwa baridi na imezimwa, chukua mashine ya kuvutia vumbi yenye upande wa kupuliza, ingiza mpira wake nyuma ya ekzosi, zungushia kitambaa, washa. Halafu nyunyiza maji ya sabuni kwenye kila kiungo: manifoldi na kichwa cha injini, bomba linalopanda kwenye turbo, gasketi ya turbo na bomba linaloshuka, na usisahau kulehemu kwenyewe pale nati ya sensa ilipochomelewa. Povu litakuonyesha. Kwenye hizi Subaru ile gasketi ya bomba la kupanda ndiyo ya kwanza kuitilia shaka. Kagua pia alama za masizi kuzunguka boliti.

Jambo jingine linalodanganya kwa namna hiyo hiyo ni misi. Silinda isipowaka, petroli yake inatoka mbichi pamoja na oksijeni yake yote, na sensa inaona oksijeni tu. Geji inasema hewa imezidi huku petroli inanuka nyuma ya gari. Kama inatetemeka kwenye sailensa, anza na koili na plagi.

Bomba likiwa salama, ndipo upime geji. Endesha kwa gia, fika mizunguko 3,500, achia mafuta kabisa bila kukanyaga klachi. Nozeli zinafungwa, inapita hewa tupu, na geji inatakiwa kukimbia hadi mwisho wa upande wa hewa mara moja. Ikijivuta, sensa imechoka au imejaa masizi. Halafu waya. Pima kwa mita kati ya eathi ya geji na hasi ya betri, injini ikiwaka na taa zikiwaka: isizidi volti 0.05. Nasisitiza hili kwa sababu Hamidu anasoma namba kwenye kompyuta yake kupitia waya wa volti 0 hadi 5. Kwenye AEM X-Series, kila volti moja ni kama 2.4 ya uwiano, kwa hiyo eathi ikipotea kwa volti 0.1 tu, kompyuta na geji zinatofautiana kwa robo nzima. Umeme wa geji utoke kwenye switchi kupitia fyuzi yake, usiunganishwe na taa wala koili.

Sasa la kununua, maana geji uliyoazima kwa Kessy hujui sensa yake imekaa muda gani. Usinunue zile za taa za rangi zinazocheza huku na huko, zinazounganishwa kwenye sensa ya kawaida ya narobendi. Sensa hiyo inatoa volti 0 hadi 1, na karibu na 0.45 inaruka kama switchi. Inajua tu kama uko juu au chini ya 14.7. Haiwezi kukutofautishia 11 na 12.5, na wewe mwenye turbo hiyo tofauti ndiyo unayoitafuta. Chukua waidibendi, geji inayosoma uwiano wenyewe kwa namba, inayotumia sensa ya Bosch LSU 4.9, namba yake 0 258 017 025. AEM X-Series inakufaa, haihitaji kupimwa hewani kwanza. Innovate MTX-L nayo ni nzuri, ila sensa lazima uitoe na kuipima kwenye hewa safi kila baada ya muda, na ukiifanya ndani ya gereji yenye moshi utaiharibia hesabu zote. Sensa za bandia ni nyingi, nunua kwa mtu anayekubali kurudishiwa.

Usikate waya wa sensa kuufupisha kwenye soketi, ndani ya soketi kuna rezista ya kiwandani ya sensa hiyo hiyo. Nati ya kuchomelea ni M18 kwa 1.5. Iweke baada ya turbo, kama sentimita 60 nafasi ikiruhusu, kabla ya masega, sensa ielekee juu, kati ya namba 10 na namba 2 kwenye uso wa saa ya ukutani. Ikilala au kuelekea chini, maji ya asubuhi yatakaa ndani, na kauri yenye moto wa karibu digrii 780 ikiguswa na maji inapasuka. Washa injini mara moja, usiache switchi imewashwa na geji inapasha sensa huku injini imezimwa. Na usiendeshe sensa ikiwa bombani bila umeme, masizi yataiziba. Silikoni ya kawaida kwenye gasketi, hapana, moshi wake unaua sensa.

Ahaa, na umwambie Shaibu, kwa kuwa ameweka gesi asilia kwenye gari lake: geji yake ikisema 14.7 asibabaike, kwa gesi hiyo uwiano kamili ni kama 17.2, asome kwa lamda, yaani uwiano uliopo ukigawanywa kwa uwiano kamili wa mafuta hayo: 1.00 ni 1.00 kwa kila mafuta.

Nijibu haya kabla ya Jumanne: trimu zinasomaje? Inatetemeka asubuhi au hapana? Sensa imechomelewa umbali gani kutoka turbo, na imeelekea wapi? Gasketi ya bomba la kupanda imewahi kubadilishwa tangu ulinunue? Waya wa umeme Hamidu ameutoa wapi? Na ile filta ya mafuta ya mwaka jana uliibadilisha au bado? Na mama, kweli, mguu unaendeleaje?

Nisalimie Hamidu kwa heshima zote, ni fundi mzuri, ila mwambie anipigie kabla hajafungua kompyuta.

Ndugu yako,
Sefu