Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Diwani wetu: yako wapi yale matuta ya barabarani uliyoahidi siku ya mahafali?

Mheshimiwa Diwani, Tumsifu Yesu Kristo.

Naanza na salamu hiyo kwa sababu misa ya pili huwa nakuona mstari wa mbele, kwa hiyo najua utaitikia. Natumaini wewe na familia hamjambo. Mimi ni mwalimu wa hisabati kwenye shule ya msingi ya parokia, na jioni ndo mwalimu wa michezo pia, maana mwalimu wa michezo wa kuajiriwa hatujawahi kuwa naye. Naandika hapa mbele za watu kwa sababu kule ofisini njia zimeniishia. Barua ya shule ilipokelewa kwa mtendaji wa kata ikagongwa muhuri, nakala ikaenda manispaa, manispaa wakasema hiyo barabara sio yao ni ya watu wa barabara, watu wa barabara wakasema maombi ya matuta lazima yaanzie kwenye kikao cha kata, na kikao cha kata mwenyekiti wake ni wewe Mheshimiwa. Nikikupigia hupokei. Wakati wa kampeni mwaka jana ulikuwa unapokea hata saa nne usiku, tena unaniita mwalimu wangu.

Sasa Jumatano iliyopita, saa kumi na moja kasoro, kilichokuwa kinasubiriwa kimetokea. Mtoto wetu wa darasa la tano, GS (mfungaji) wa timu ya netiboli, kagongwa na bodaboda mbele ya geti akivuka kwenda kiwanjani. Mkononi alikuwa na ule wavu wa mipira, na mipira ikatawanyika barabara nzima mpaka mtaroni, dereva wa daladala akashuka kuikusanya huku konda wake anazuia magari. Yule boda alikuwa anateremka na matenga mawili ya nyanya anawahi sokoni kabla hakujafungwa. Hakukimbia, alikaa chini pale pale pembeni analia, na watu walitaka kumpiga nikawazuia. Mguu wa mtoto umevunjika chini ya goti, kafungwa hogo (plasta ngumu). Tumefika hospitali tukaambiwa tulete kwanza PF3, ile fomu ya polisi, basi nikakimbilia kituoni nimemwacha mtoto kwenye benchi na sista, nimefika kaunta natweta, filimbi bado iko shingoni, askari ananiuliza mama wewe ni refa?

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Mheshimiwa, nikukumbushe kidogo kuhusu mahafali ya darasa la saba ambayo ulikuwa mgeni rasmi. Ulivalishwa skafu na skauti, ukakagua kiwanja, ukapiga penalti na suti yako na viatu vyeusi vya kung'aa, na ukafunga. Leo naomba nikuambie ukweli ambao shule nzima inaujua isipokuwa wewe: kipa alikuwa ameshaambiwa aiachie. Baada ya hapo ulishika maiki ukasema michezo ni ajira, ukasema AFCON 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda na kata yako haiwezi kubaki nyuma, halafu wewe mwenyewe, bila kuombwa na mtu, ukaangalia barabarani ukasema hapa panahitajika matuta na zebra, nipeni miezi mitatu. Tulipiga makofi. Mama mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, alipiga vigelegele mpaka kilemba kikamtoka. Wale watoto uliowaaga siku hiyo wako sekondari sasa, na barabara iko vile vile.

Kwa wasioijua shule yetu, iko hapa Morogoro, upande wa kupandia milimani. Shule iko upande mmoja wa barabara na kiwanja kiko upande wa pili. Zamani hii ilikuwa barabara ya vumbi yenye mashimo, magari yalikuwa yanatambaa, watoto wanavuka wanacheza. Lami ilipokuja tulishangilia kama kila mtu. Ila ile lami ililetwa tupu, hamna tuta, hamna rasta (vile vituta vidogo vya kutikisa gari), hamna zebra, hata kile kibao cha watoto wawili wanaovuka hakipo. Na barabara inateremka kutoka Uluguru, kwa hiyo kuanzia saa kumi jioni bodaboda zote za ndizi, maboga na nyanya zinashuka kwa mtelemko zikiwahi soko, na ni saa hiyo hiyo sisi tunavusha watoto. Sijui nani alifikiria nini. Mimi naona hawakufikiria.

Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa hisabati nitakufanyia hesabu, Mheshimiwa, darasa la sita wanaiweza. Barabara ina upana wa kama mita 7. Mtoto mwenye mzigo wa mipira anatembea kama mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo kuvuka anatumia kama sekunde 6. Mwendo wa mjini kisheria ni kilomita 50 kwa saa, tuseme boda ni mtu mwema anafuata sheria, hiyo ni karibu mita 14 kwa sekunde, kwa sekunde 6 anakuwa amekula mita 84. Kutoka kwenye kona ya juu mpaka geti letu ni hatua ndefu 60 za mtu mzima, basi tuite mita 60. Maana yake ni nini? Maana yake mtoto akiangalia kulia, kushoto, kulia tena kama tunavyomfundisha, akaona barabara nyeupe akaanza kuvuka, boda anayetokea kwenye kona sekunde hiyo anamfikia kabla hajamaliza. Mtoto hajakosea kitu na boda hajavunja sheria. Sasa rudisha mwendo uwe 30, ule ambao mawaziri wa nchi mbalimbali kwenye mkutano wa Stockholm mwaka 2020 walisema ndo uwe kikomo pale magari yanapochanganyika na watoto. Kwa 30 boda anakula mita 50 tu kwenye zile sekunde 6, na mtoto ameshafika ng'ambo. Hiyo tofauti ndo tuta, Mheshimiwa. Ndo maana siku zote nakuambia sihitaji semina ya usalama barabarani wala fulana zenye picha yako, nahitaji tuta.

Na hili sio jambo la kuvumbua. Dar es Salaam shirika la Amend limezunguka mashuleni likiweka matuta, vivuko na njia za waenda kwa miguu, kazi ndogo ndogo tu za saruji na rangi, na mwaka 2019 ikapewa tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross mbele ya miji mingine ya dunia. Iko kwetu hapa hapa, kama kilomita 190 kutoka ofisini kwako. Kama huamini panda basi la asubuhi utarudi jioni.

Ofisini, sitasema ipi, kijana mmoja aliniambia nyie ni shule ya kanisa, waambieni wafadhili wenu wawawekee matuta. Kwanza wafadhili gani, sisi mipira tunanunua kwa michango ya wazazi na mnada wa mazao ya Jumapili. Pili, kwani barabara ni ya paroko? Sista mkuu akiamka kesho akamwaga zege kwenye barabara ya serikali si mtakuja na pingu? Na tatu, wanaovuka pale sio Wakatoliki peke yao. Programu yetu ya jioni inachukua watoto wa shule ya serikali ya jirani kwa sababu wao hawana hata mpira mmoja, na ustadhi wa madrasa ya mtaani alisogeza kipindi chake cha Jumatano ili watoto wake nao wacheze. Wanaswali alasiri kwanza, wanakuja. Tunaanza kwa Salamu Maria na wao wanasimama kimya wanasubiri, halafu sote tunakimbia raundi mbili. Kiwanjani njumu ni marufuku, maana wengi ni pekupeku na mwenye njumu atawakanyaga, kwa hiyo hata mtoto wa mwenye gari anavua viatu. Mheshimiwa, nionyeshe sehemu nyingine kwenye kata yako ambako watoto wote wanakuwa sawa namna hiyo.

Mnapenda sana kusema vipaji, vipaji. Hebu tazama Iten kule Kenya, shule ya Mtakatifu Patrick, ya Kikatoliki kama yetu, Bruda Colm O'Connell alifika 1976 kufundisha jiografia, hakuwa kocha, akaanza kukimbiza watoto baada ya masomo kwenye njia za udongo. Mwanafunzi wa pale, Peter Rono, akachukua dhahabu ya mita 1500 Seoul 1988, na David Rudisha aliyefundishwa na bruda huyo huyo akaweka rekodi ya dunia ya mita 800 London 2012, dakika 1 na sekunde 40.91. Sisemi yule GS wangu ni Rudisha. Nasema yale yote yalianza na watoto kufika mazoezini wazima na kurudi nyumbani wazima.

Kwa nini matuta hayajajengwa? Sijui kwa hakika, nabahatisha kama mwananchi mwingine. Wengine wanasema bajeti, ila bajeti ya kupaka rangi ukingo wa mzunguko kabla ya ugeni ilipatikana. Wengine wanasema kuna mkubwa anakaa kule juu ana gari la chini halipendi matuta, hilo sina ushahidi nalo na simsingizii mtu, ila kila nikilitaja kwenye kikao watu wanaangaliana. Wengine wanasema malori ya mchanga na kokoto ndo yenye sauti. Mimi nadhani ni uzembe tu wa kawaida, kila mtu anasubiri karatasi ya mwenzake. Lakini huu ni mji wa Msamvu, Mheshimiwa. Agosti 2019 lile lori la mafuta lililopinduka na kulipuka pale lilitumalizia ndugu zetu zaidi ya 100, tulizika mpaka tukachoka. Mtu wa Morogoro hatakiwi kuelezwa barabara inaweza kufanya nini.

Sasa matokeo yake ni haya. Alhamisi sista mkuu ametangaza mstarini kwamba michezo ya jioni imesimama mpaka barabara iwe salama. Simlaumu, angefanyaje, mzazi akimuuliza atajibu nini. Lakini mashindano ya UMITASHUMTA, yale ya michezo ya shule za msingi, ngazi ya kata yanakuja na timu yangu ya netiboli haina mahali pa kufanyia mazoezi, ua wa shule umejaa vyumba vya madarasa na tenki la maji. Wazazi waliokuwa wananiambia kila siku mwalimu acha michezo watoto wasome sasa wamepata la kusema. Na watoto ambao saa kumi walikuwa kwangu, jana nimewapita kwenye kibanda cha gemu pale njia panda, wamebanana kwenye benchi, shilingi mia mia mkononi, mmoja kaniona kajificha nyuma ya mwenzake. Huyo ni kipa wako, Mheshimiwa. Yule aliyekuachia penalti.

Mimi binafsi nimechoka. Nafundisha mpaka saa tisa na nusu, nasahihisha madaftari usiku, posho ya michezo sijawahi kuiona, nauli ya kwenda huko maofisini ni yangu, na mume wangu keshaniuliza mara ngapi sijui hivi wewe hiyo barabara uliijenga wewe? Nilikuwa na orodha ndefu ya maombi, ulishaiona, kibao, zebra, rasta kule kwenye kona, taa, trafiki wa jioni, uzio upande wa kiwanja. Sahau yote. Trafiki baki naye, taa baki nazo. Nataka matuta mawili. Moja chini ya kona, jingine baada ya geti. Mawili tu. Ukishindwa mawili anza na lile la kona.

Na nikuambie jambo jingine kwa heshima. Vijana wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, wameniambia wana kokoto, wana saruji mifuko kadhaa, usiku mmoja wanamaliza. Nimewakataza kwa sababu tuta lisilo na kipimo wala rangi litamuua huyo huyo boda, na kwa sababu bado naamini kuna serikali. Lakini mimi ni mwalimu wao wa zamani tu, sio mama yao, na sijui watanisikiliza mpaka lini.

Jumatatu saa tatu asubuhi tutakuwa ofisi ya kata, mimi, baba wa yule mtoto, ustadhi, na mwenyekiti wa wazazi. Hatuna mabango, hatuji kufanya fujo, tunakuja na ile barua yenye muhuri na tunataka utuandikie tarehe juu yake kwa mkono wako. Kama utakuwa safarini, tuambie unarudi lini, tutakuja siku hiyo. Kama utakuwa kwenye kikao tutakaa kwenye benchi hapo nje, tumeshaomba ruhusa kazini.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa michezo, shule ya msingi ya parokia

Nakala: Mtendaji wa Kata (anayo tayari), Paroko, na wazazi wote